Hati za kaboni za Mikoko Pamoja, Gazi: tathmini ya mnunuzi mdogo

Kampuni yetu ina mabasi madogo manne yanayosafirisha wageni kati ya Mombasa, Diani na Shimoni, na kwa mwaka mzima huchoma dizeli ipatayo lita 18,000. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo hesabu yetu hufika karibu tani 49. Tani hizo tuliamua kuzilipia kwa hati za kaboni za Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni katika Kaunti ya Kwale. Wengi huziita hati hizi "mikopo ya kaboni", jina ninaloliepuka kwa sababu hapa hakuna anayekopa wala anayedai: kila hati ni ushahidi kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa isipande angani, au imeondolewa huko.

Nilifika Gazi na hofu ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Miaka miwili kabla yake tulinunua hati za msitu wa mbali kupitia dalali mmoja, kwa bei ya chini mno, tukapewa cheti chenye muhuri wa kupendeza. Nilipoomba namba za hati ili nizitafute katika sajili, yaani daftari linaloorodhesha kila hati na aliyeitumia, zilichukua miezi mitatu kunifikia, na zilipofika nikakuta zimekwisha kufutwa kwa jina la mnunuzi mwingine. Hati ikitumika hufutwa ili isiuzwe tena, na ikihesabiwa na watu wawili, mmoja wao hajalipia chochote. Tangu siku hiyo nina maswali mawili kwa kila muuzaji: je, nitaiona namba yangu katika sajili, na je, naweza kwenda kukanyaga ardhi yenyewe?

Kwa Mikoko Pamoja maswali yote mawili yalijibiwa. Hati hutolewa kwa kanuni za Plan Vivo, mfumo wa kimataifa wa kuthibitisha miradi ya kaboni ya jamii, na kuuzwa kupitia ACES, shirika la hisani la Scotland, na zetu tulizikuta zimefutwa kwa jina letu. Ardhi nayo ipo mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwetu, foleni ya feri ikiwa na huruma.

Tulikwenda maji yakiwa yamekupwa, tukapita kwenye daraja la mbao la kina mama wa Gazi, ambalo huingia moja kwa moja ndani ya msitu. Humo mna aina kadhaa za miti ya mikoko: mikandaa imesongamana, mikoko yenyewe imesimama juu ya mizizi yake iliyopinda kama magoti, na chini ya michu mizizi ya kupumulia imechomoza matopeni kama misumari iliyopigwa kinyume. Mama aliyetuongoza alichomeka fimbo kwenye tope, ikazama bila kugusa kitu kigumu. "Mwanangu," akaniambia, "mti unaouona ni sehemu tu, hazina kubwa iko huku chini." Ndivyo wataalamu nao wasemavyo: sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imehifadhiwa kwenye udongo wake, na ukikata miti, tope hilo huanza kuirudisha hewani.

Ghuba hii ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Mradi ulipoanza mwaka 2013 ulichukua takriban hekta 117 za mikoko ya asili na ya kupandwa, kwa msaada wa kitaalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Kilichonishawishi zaidi ni shamba la mivinje. Mtu aliyekuwa akikata boriti na kuni mikokoni hawezi kuambiwa aache tu, maana atahamia ghuba ya jirani na tani uliyodhani umeizuia itatokea kule. Kwa hiyo ilipandwa mivinje ili nguzo na kuni zipatikane nchi kavu. Fedha za mauzo zimeingia kwenye maji ya vijijini na mahitaji ya shule, na tangu mwaka 2023 sheria ya Kenya inataka miradi ya kaboni inayotegemea ardhi itenge angalau asilimia 40 ya mapato kwa ajili ya jamii.

Kuna mambo ambayo mnunuzi ayajue mapema. Mradi huu ni mdogo, wa tani 3,000 hivi kwa mwaka, hivyo kiwanda kikubwa hakitatosheka hapa. Bei yake iko juu ya zile hati rahisi kabisa sokoni, na kwa niliyoyaona naikubali. Mikoko nayo haina kinga ya kila kitu: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifukia kwa tope sehemu kubwa ya mikoko ya Mwache, ng'ambo ya Mombasa, ikafa imesimama.

Jambo la mwisho nililijua nilipokwenda kuomba mkopo wa kununua gari. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo mwaka 2021 unaozitaka benki zipime athari za tabianchi kwa wanaokopa, na afisa aliyenihudumia alizitazama hati zangu kwa heshima, kisha akaniuliza gereji yetu hujaa maji mara ngapi wakati wa masika. IFRS S2, kanuni ya kimataifa ya taarifa za tabianchi za makampuni iliyotolewa Juni 2023, nayo inataka utoaji wa hewa ukaa utajwe wote kabla ya kupunguza hati zozote. Kwa hiyo katika taarifa yetu tani 49 zimebaki 49, na hati za Gazi zimeandikwa kwenye mstari wa peke yake. Gereji tumeihamishia mahali palipoinuka, basi moja kuukuu linalokula dizeli kupita kiasi tumeliuza, na oda ya Gazi ya mwaka ujao itategemea lita zitakazobaki.