Mashine ya kupima umbo la mkono katika kiwanda cha samaki: uzoefu wangu

Ninasimamia zamu katika kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na kwa muda mrefu kero yangu kubwa ya asubuhi ilikuwa mashine ya mahudhurio iliyosoma alama za vidole. Mkata minofu hushika kisu, magamba na barafu kutwa nzima, hivyo ngozi ya ncha za vidole hulika na kunyauka kwa maji, kiasi kwamba wapo akina mama ambao mashine ile iliwakataa karibu kila siku hata wakijifuta mikono. Aliyekataliwa aliandikwa daftarini. Mwisho wa mwezi daftari na kompyuta havikulingana, na pengo hilo lililipwa kwa ujira wake. Ndiyo maana uongozi ulipofunga mashine inayopima umbo la mkono, niliifuatilia kwa makini.

Mfanyakazi huingiza kwanza namba yake, kisha hulaza mkono wa kulia juu ya bamba lenye vigingi vidogo vinavyotenganisha vidole. Kamera iliyo juu, ikisaidiwa na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kioo cha pembeni, hunasa umbo la mkono kwa juu na kwa ubavu, na mashine hupima urefu, upana na unene wa vidole na kiganja. Haisomi alama za vidole wala mistari ya kiganja, kwa hiyo ngozi iliyolika si kikwazo tena. Wale akina mama niliowataja sasa hupita kama wengine, na kwangu jambo hilo peke yake linatosha kuhalalisha gharama. Vilevile, hakuna tena anayeweza kumwandikia mwenzake mahudhurio akiwa bado nyumbani.

Teknolojia yenyewe si ngeni, kwani mashine za namna hii zilitumika kulinda kijiji cha wanamichezo katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Hata hivyo, anayetaka kuinunua lazima aelewe mpaka wake. Umbo la mkono halitofautiani sana baina ya watu kama zinavyotofautiana alama za vidole. Ukiwa na wafanyakazi wengi, hutakosa wawili wenye mikono inayokaribiana vipimo. Mashine haiwezi kuutazama mkono na kusema ni wa nani. Inachojibu ni kama mkono huu unafanana na ule uliosajiliwa kwa namba hii. Kwa sababu hiyo nilipinga pendekezo la kuifanya kuwa kufuli pekee ya stoo ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), ambayo thamani yake kwa kilo huzidi minofu kwa mbali. Stoo hiyo bado ina kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, nami naona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mahali pa kuifunga ni jambo ambalo mafundi hawalipi uzito. Waliotufungia waliiweka baada ya sinki la kunawia, maana yake kila mtu alinawa kwa dawa kisha akashika bamba lililoshikwa na zamu nzima, halafu akaingia kwenye chumba cha minofu. Katika kiwanda cha chakula hilo halikubaliki hata kwa siku moja. Tuliihamishia mlangoni, kabla ya sinki, na bamba hufutwa mara kwa mara, kwa kuwa uchafu na magamba yakiganda juu yake huivuruga kamera.

Mikono nayo hubadilika. Mjamzito aliyevimba vidole alikataliwa hadi tuliposajili mkono wake upya, na bandeji nene au pete kubwa huleta usumbufu uleule. Mabadiliko ya polepole hayana shida kubwa, maana mashine yetu hurekebisha kumbukumbu yake kidogo kidogo kila inapomkubali mtu. Mwenzetu aliyepoteza kidole cha mkono wa kulia amesajiliwa kwa mkono wa kushoto, ukilazwa kiganja kikitazama juu.

Wafanyakazi waliniuliza sana kuhusu usiri, na swali lao ni la haki. Alama za vidole ndizo tulizotoa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa na kusajili laini za simu, hivyo zikivuja kiwandani madhara yake yanaweza kumfuata mtu mbali. Kumbukumbu ya umbo la mkono ni tarakimu chache tu. Katika baadhi ya mashine zinazojulikana sana ni baiti 9, na picha ya mkono haiwezi kurejeshwa kutokana nazo. Hata hivyo nazo ni taarifa binafsi, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mwajiri hana ruhusa ya kuzishughulikia atakavyo. Nimeomba kumbukumbu za anayeacha kazi zifutwe siku anapolipwa mafao yake, na ombi hilo bado nalifuatilia kwa uongozi.

Mashine ni kubwa, haibandikwi popote kama kisomaji cha vidole, na bei yake iko juu zaidi. Kwa ofisi ya watu wanaoshika kalamu na kompyuta nisingeishauri. Kwa viwanda vya samaki, machimbo na karakana, ambako kazi yenyewe hufuta alama za vidole, ningeinunua tena.