Diski, flashi au memori kadi: ipi inakupa nafasi uliyolipia?

Umenunua diski ya TB 1, umeichomeka, kompyuta inasema GB 931. Usikimbilie kugombana na muuzaji. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu-elfu, kwa hiyo GB yake moja ni baiti 1,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024, na GB yake ni baiti 1,073,741,824, ila inaiita jina lile lile. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa kipimo cha GiB, kwa ile hesabu ya 1,024, ili kutenganisha hesabu hizi mbili, lakini Windows bado inaandika GB. Diski hiyo hiyo ukiichomeka kwenye Mac yenye mfumo wa 2009 au wa baadaye, utaona takriban TB 1.

Ukiwa dukani, zidisha GB za kwenye boksi kwa 0.93. Yenye 500 itasoma 465. Yenye 64 itasoma kama 59.6.

Kwa kuhifadhi mafaili mengi, namba moja naipa diski ya nje ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka. Pengo lake karibu lote ni la hesabu hiyo, na kwa pesa ile ile unapata nafasi kubwa kuliko aina nyingine. Ubaya wake: ikidondoka inaweza kufa.

Ya pili ni SSD ya nje, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu. Ina kasi, na haina kinachozunguka. Ukikuta moja ya GB 480 kando ya nyingine ya 512, mara nyingi ile ya 480 imetengewa akiba zaidi ndani kwa ajili ya chipu zinazochakaa. Mimi sioni hasara hapo.

Flashi ni ya tatu, ya kubebea mafaili tu. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, itakataa faili la GB 4 hata kama flashi yenyewe ni tupu. Ifomati upya kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho. Memori kadi nunua pale kamera au simu inapoihitaji.

Mwisho kabisa naweka nafasi ya ndani ya simu, maana mfumo na programu zake hujikatia fungu kabla hujapiga picha hata moja. Kati ya 64 na 128, chukua 128.

Flashi ya “TB 2” inayouzwa kwa bei ya kutupa sijaipa namba. Kidhibiti chake kimepangwa kudanganya: kompyuta inaona TB 2, ndani mna chipu ndogo. Ikijaa, inaendelea kupokea mafaili. Majina yanaonekana, lakini hayafunguki. Kuifomati hakutakuonyesha wizi huo. Tumia H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac: programu hizi huijaza flashi yote kisha huisoma tena. Huchukua saa nyingi, basi anza siku ile ile uliyonunua, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa bado upo.