Malarone kwa safari ya Kigoma: uzoefu wangu

Kwa anayeishi Uingereza na kwenda kuwaona ndugu Kigoma, Geita au Kagera, hii ndiyo kinga ya malaria ninayoipendekeza kwanza. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya bei.

Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 250 za atovakwoni na 100 za proguanili. Anza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, meza kimoja kila siku saa ileile, kisha endelea siku 7 baada ya kuondoka. Atovakwoni haiingii mwilini vizuri bila mafuta, kwa hiyo naimeza na chakula cha jioni: wali wa nazi, mgebuka wa kukaanga, au angalau glasi ya maziwa. Chai ya rangi haitoshi. Ukitapika ndani ya saa moja, meza kingine. Tumbo likiwa tupu hunitia kichefuchefu. Nikishiba, sisikii kitu.

Watu wengi wanakwama kwenye hesabu. Ukikaa wiki 3 unahitaji 2 + 21 + 7, yaani vidonge 30. Boksi lina 12, kwa hiyo ni maboksi matatu. Wakinunua mawili, vinatosha kukaa siku 15 tu, na siku zinazokatwa ni sita kati ya zile 7 za mwisho, ambazo hazifai kabisa kurukwa! Vimelea ulivyoachiwa na mbu usiku wa mwisho hukaa kwenye ini karibu wiki moja bila dalili yoyote, na dawa hii huviua humohumo. Ukiacha kumeza mara tu unaposhuka Heathrow, vitaingia kwenye damu bila kizuizi. Doksisaiklini, kinga nyingine ya malaria, ni nafuu zaidi, ila kazi yake kubwa iko kwenye damu, ndiyo maana humezwa wiki 4 nzima baada ya safari. Wengine hawazimalizi.

Hoja ya "nimekulia huko, mwili umezoea" haina msingi: kinga ya utotoni hupungua ukikaa nje miaka. Shangazi naye atakushauri utembee na mseto tu. Mseto ni tiba, haukukingi.

Vidonge vya watoto ni vya miligramu 62.5 na 25, kwa uzito: kilo 11 hadi 20 kimoja, 21 hadi 30 viwili, 31 hadi 40 vitatu. Mjamzito, mwenye ugonjwa mkubwa wa figo au anayetumia rifampisini ya TB aonane na daktari kwanza.

Chandarua chenye dawa bado kinahitajika, kikichomekwa chini ya godoro pande zote.

Homa ikikupata baada ya kurudi, hata kama ulimeza vyote, nenda hospitali siku hiyohiyo na utaje ulikotoka, maana huku wanaweza kudhani ni mafua. Kipimo kisipoonyesha malaria na homa ikaendelea, omba kirudiwe kesho yake.