TAHADHARI: Muuza laptopu wa Malindi anayekubadilishia mashine ukishalipa

Wanamuziki wenzangu wa Malindi, Watamu, Mambrui, Kilifi mpaka Lamu, na yeyote anayetafuta kompyuta ya kupigia jukwaani, msitoe hata shilingi kabla ya kusoma haya. Kuna mtu Malindi mjini, ana chumba ghorofani si mbali na steji ya matatu, anauza laptopu zilizotumika ng'ambo. Anakuonyesha mashine nzuri, unaijaribu mwenyewe, unaridhika, unalipa. Unayopewa kwenda nayo nyumbani ni nyingine. Kasha lile lile, rangi ile ile, hata mkwaruzo karibu na bawaba unafanana, lakini ndani ni takataka. Jina sitaliandika kwa kuwa shauri liko polisi na nimeombwa nisilivuruge. Ningeachiwa, ningelibandika kwenye kila nguzo kuanzia hapa mpaka Gede.

Mimi napiga kinanda kwenye bendi ya taarabu. Mashine yangu ya kwanza sikuwa nayo tena, na sikuweza kungoja. Safari ilikuwa mlangoni: harusi Lamu, turudi Watamu hotelini, halafu Mtwapa. Arubuni ya Lamu ilikuwa imeshaingia na imeshaliwa na nauli na sare. Na kinanda changu peke yake hakitoshi, kwa sababu hakina robo toni, zile noti zinazokaa kati ya funguo mbili. Ukipiga rasti au bayati, mizani za sauti za Kiarabu tunazotumia kwenye taarabu, kwa funguo zake zilivyo, mzee yeyote wa Lamu aliyekua akisikiliza udi wa gwiji Zein l'Abdin atageuza uso. Kompyuta ndiyo inayonipa sauti za udi, qanuni, nai na fidla, na ndiyo inayoishusha ile noti ya tatu ya rasti mahali pake. Bila kompyuta mimi sina bendi.

Sikwenda pale kichwa kitupu. Nilikuwa na karatasi mfukoni: prosesa ya Intel isipungue kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 16GB, diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, betri inayoshika. Nikambebea kinanda changu na diski yangu ya nje yenye sauti zangu zote, ili nisijaribu mashine kwa kinanda cha mchezo.

Huyu mtu ana ulimi, wallahi. Nilipoingia hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza, "Kaka, wewe wapigia programu gani?" Nikamwambia. Akasema, "Na bafa waweka ngapi ukiwa jukwaani?" Bafa ni akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa: ikiwa ndogo sauti huja upesi lakini mashine hutaabika, ikiwa kubwa mashine hupumua lakini sauti huchelewa. Jamani, nimenunua vitu Mombasa, nimenunua vitu Nairobi, na sijakutana na muuzaji hata mmoja anayejua bafa ni nini. Huyu anajua. Akaleta kahawa, akafuta meza kwa kiganja, akaitoa ThinkPad nyeusi kwenye mfuko wake na kuiweka mbele yangu kama mtu anayeweka mtoto. Akafungua ukurasa wa mfumo nikasoma kwa macho yangu mawili: Core i7-8650U, RAM 16GB. Tukafungua na upande wa diski: SSD, 512GB.

Nikachomeka diski yangu. Nikapakia udi, qanuni, nai, fidla mbili na besi, zote kwa pamoja. Nikateremsha bafa mpaka 128. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 3 tu, kidole kikigusa sauti iko. Nikapiga chakacha ya haraka kwa mikono miwili huku nimekanyaga pedali noti zirundikane, nikitafuta pa kuishika. Haikukwaruza hata mara moja. Kipimo cha mzigo wa prosesa hakikufika nusu. Yeye mwenyewe, bila kuombwa, akachomoa chaja, akasema, "Piga tena." Nikapiga tena. Ikaenda vilevile.

Alitaka 52,000. Tukavutana mpaka 47,000. Nikatuma kwa M-Pesa, kwa namba ya simu, kwa sababu alisema tili yake, namba ya M-Pesa ya biashara, ina hitilafu siku hiyo. Akaandika risiti.

Sasa sikilizeni hapa. Adhana ya alasiri ikaanza. Akaniambia, "Kaka, twende tukaswali kwanza. Kijana ataipangusa aifunge vizuri, maana waenda Lamu, na chumvi ya kule yala matundu ya chaja." Na hilo la chumvi ni kweli, kila mtu wa pwani analijua, nimeona kadi ya sauti ikiota kutu kijani kwenye tundu la USB kwa sababu ya kukaa karibu na maji. Kwa hiyo neno lake liliniingia. Tukashuka ngazi pamoja, tukatawadha kwenye bomba moja, tukasimama safu moja, bega kwa bega. Tuliporudi, mashine iko ndani ya mfuko, imezungushiwa sponji na gundi ya karatasi pande zote nne. "Usiifungue njiani," akasema, "vumbi." Nikamshika mkono, nikamwombea dua njema.

Watu wameshaanza kuniuliza kwa nini sikuifungua pale pale. Mtu umetoka naye msikitini! Kitu umekijaribu kwa mikono yako muda mfupi uliopita, umesoma kila namba, unamfungulia mfuko mbele yake kana kwamba unamwita mwizi? Nani kati yenu angefanya hivyo? Na binamu yangu alinunua simu kwake mwaka jana, mpaka leo inapiga.

Nyumbani usiku niliona programu inachukua muda mrefu kufunguka. Nikampigia. Akapokea mara moja, sauti tamu ile ile: Windows inajipanga baada ya kuhamishwa vitu, iache iwake usiku kucha, asubuhi itakuwa nyepesi. Nikaiacha. Alfajiri tukapanda basi: Garsen, Witu, Mokowe, mashua, Lamu.

Harusi ilikuwa upande wa Langoni. Ukumbi umejaa akina mama, udi wa kufukiza umetanda, bi harusi bado hajatolewa. Wimbo wa kwanza ulianza polepole ukapita. Wa pili, fidla zilipoingia juu ya udi, ndipo yalipoanza yale makwaruzo kwenye spika, taratata, taratata, kila nilipokanyaga pedali. Kipimo cha mzigo chekundu mpaka mwisho. Nikapandisha bafa 512, ikaendelea. Nikaipeleka 1024. Hapo makwaruzo yalipungua, lakini sauti ikaanza kuja zaidi ya milisekunde 23 baada ya kidole, na mpiga ngoma ya dumbak akawa mbele yangu kila mzunguko. Mwimbaji aligeuka akaniangalia. Katikati ya ubeti nai ikanasa: noti moja, ndefu, haikomi, nabonyeza kila kitu haikomi. Na juu ya hayo spika zilikuwa zinavuma kwa umeme wa ukumbi ule, kwa hiyo nikafanya tunalofanya siku zote, nikachomoa chaja mvumo uondoke. Betri ilikuwa inaonyesha 86. Kioo kikazimika papo hapo.

Ukimya ule sitausahau. Mama wa bi harusi alikuja mpaka kwenye kinanda akaniuliza taratibu, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, hini ndiyo taarabu tuliyolipia?" Sikuwa na jawabu. Mungu ambariki jirani mmoja aliyekwenda kuchukua udi wake nyumbani, mwimbaji na mpiga dumbak wakamaliza usiku naye. Salio letu likakatwa, na sina haki ya kulalamika kwa hilo. Vijana wa bendi walirudi Malindi na nauli ya kukopa. Huyu laghai amekula na jasho lao.

Asubuhi fundi mmoja wa pale Lamu aliifungua mbele yangu. Skrubu mbili za chini vichwa vimelika, moja ya rangi tofauti na wenzake. Ndani: diski ya kizamani ya kuzunguka, 500GB. RAM kipande kimoja cha 8GB, nafasi ya pili tupu. Akawasha, akaingia mpaka kwenye ukurasa wa kuanzia kabla ya Windows, prosesa ni i5-7300U. Hiyo ni ya kizazi cha saba, ina kori 2, yaani viini vya kufanyia kazi, wakati niliyoijaribu ilikuwa na kori 4. Haimo hata kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na Windows 11 ndiyo waliyoilazimishia humo. Kibandiko cha i7 kwenye kasha alikinyanyua kwa ukucha, chini yake mabaki ya gundi ya kibandiko kingine. Halafu akaandika powercfg /batteryreport, tukasoma ripoti: betri imebaki na chini ya theluthi ya uwezo wake wa kiwandani. Sauti hizi tunazotumia husomwa kutoka kwenye diski papo kwa papo unapopiga. Diski ya kuzunguka haikimbizani na fidla mbili, udi na pedali. Hiyo pamoja na prosesa dhaifu ndizo zilizoleta makwaruzo yale.

Nilirudi Malindi nikaenda moja kwa moja dukani na mkoba begani. Mtu yule yule niliyeswali naye alinitazama kana kwamba hanijui. Akasema, "Hiyo si mashine yangu." Nikatoa risiti. Akaisoma polepole, akanirudishia. Risiti imeandikwa "laptopu 1" na bei, basi. Haina namba ya mashine, haina prosesa, haina RAM, na chini imepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ule ujumbe wa M-Pesa niliutuma 456, namba ya kuomba kurudishiwa pesa, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa zamani. Kijana aliyefunga mfuko, ati ameshaacha kazi.

Nimeandikisha OB, kitabu cha matukio cha polisi. Nataka afunguliwe mashtaka, na nataka kaunti imfutie leseni ya biashara, chumba kile kipigwe kufuli mpaka arudishe pesa za kila aliyemwibia. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kwa nini mtu auze uongo mchana kweupe? Wazee wa msikiti nao nimewapelekea habari, wamwite wamuulize mbele ya watu ni dini gani inayomtuma kuuza hivi. Mtu anayeiba mfukoni ana haya kuliko huyu. Mwizi wa mfukoni hakusubirishi kwa swala.

Mnaouliza mfanye nini mkienda kununua, kwake au kwa mwingine: mashine isitoke machoni pako baada ya kuijaribu. Ikifungwa, ifungwe mbele yako, au usifungishe kabisa. Namba ya mashine iliyo chini ya kasha iandikwe kwenye risiti kabla ya pesa, na ilingane na ile ya ndani. Ikiwa ni ThinkPad, izime, iwashe, bonyeza F1, utaiona pamoja na prosesa na RAM, kabla Windows haijapata nafasi ya kukuonyesha chochote. Ripoti ya betri inachukua dakika moja. Piga bila chaja, na upige muda mrefu hadi mashine ipate moto, kwa sababu zikichemka nyingi hujipunguza kasi na hapo ndipo makwaruzo huanza. Zima waifai na bluututhi ukiwa unajaribu. Lipa kwa tili ya biashara, na huyu wa "tili yangu ina hitilafu" mwambie utarudi ikipona. Na bei ya 47,000 kwa sifa zile si ya ajabu, kwa hiyo msidhani bei itawashtua. Mimi haikunishtua. Anajua kuipanga.

Watamu tutakwenda na mashine ya kuazima, na nyimbo zote nimezirekodi pia kwenye simu zikae tayari iwapo itakorofisha. Aliyenipa anajijua, Mola amzidishie.

Ninachohitaji sasa ni wengine. Najua siko peke yangu. Kuna mwalimu wa Maweni na kijana mmoja wa studio ambao tayari wamenipigia na hadithi yao ni ile ile, jaribu hii, ondoka na ile. Aliyenunua kwake laptopu akapata mfuko uliozungushiwa gundi, atafute ujumbe wake wa M-Pesa na risiti, asifute kitu, asiifungue mashine kwa fundi mwingine kabla ya kupiga picha za skrubu na kibandiko, kisha anitumie ujumbe. Afisa anayeshughulikia ameniambia malalamiko yakija pamoja, muuzaji hawezi tena kusema ni neno langu dhidi ya lake.