Nyumba Marekani: majimbo yanayokuonyesha kodi ya mwenzio

Barua za wasomaji mwaka huu zinafanana mno. Mtu kahamia Texas, kanunua nyumba mpya pembezoni mwa Houston, kaambiwa malipo ya mwezi ni kadha wa kadha, akaona anayamudu. Mwaka wa pili benki ya mkopo inamwandikia kwamba malipo yamepanda kwa dola elfu moja na ushei. Riba haijaguswa, nyumba ni ile ile. "Dada, tumeibiwa?" Hapana. Malipo ya mwezi hubeba na kodi ya majengo ndani yake, na ninyi mmeonyeshwa kodi ya kiwanja kitupu.

Kwa hiyo sitawapangia majimbo kwa ukubwa wa asilimia. Orodha hizo zimejaa mtandaoni na zote zinaimba wimbo mmoja: New Jersey na Illinois juu, karibu asilimia 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka, Hawaii na Alabama chini, pungufu ya nusu asilimia. Kigezo changu ni kimoja tu: bili unayoonyeshwa siku ya kutazama nyumba ina uhusiano gani na bili utakayoletewa wewe?

Maana tangazo la nyumba huandika kodi ya majengo ya mwaka uliopita, na hiyo ni ya muuzaji. Muuzaji anaweza kuwa bibi aliyekaa hapo miaka thelathini, ana nafuu ya wazee, na sheria imezuia thamani yake isipande. Siku anapokukabidhi funguo, nafuu zote anaondoka nazo. Dalali analijua hilo vizuri sana. Ukimuuliza, atakujibu kuwa yeye si mtaalamu wa kodi. Lakini kwenye tangazo kodi ya bibi, tuseme dola 2,000, aliiandika bila kusitasita.

Namba moja kwangu ni Minnesota, na sifichi upendeleo. Mtaniambia kodi ya mapato ni kali, kiwango cha juu kabisa kinafika asilimia 9.85. Kweli. Lakini mthamini wa serikali hupiga bei ya nyumba zote kila mwaka, iuzwe isiuzwe, kwa hiyo bili ya muuzaji na yako hazipishani sana. Mwezi Novemba unaletewa makadirio ya kodi ya mwaka ujao kabla hayajapitishwa, na unaweza kwenda kwenye kikao cha Desemba ukapaza sauti. Halafu kuna jambo ambalo watu wetu wengi wanaliacha mezani: fomu ya M1PR, ya kurudishiwa sehemu ya kodi ya majengo. Familia yenye kipato cha hata dola 130,000 inaweza kustahili, kutegemea bili yake. Kodi ikiruka kwa zaidi ya asilimia 12 na angalau dola 100 ndani ya mwaka mmoja, kuna marejesho maalumu yasiyoangalia kipato kabisa. Na huku chakula cha kupika nyumbani na nguo havitozwi kodi ya mauzo. Mwenye watoto wanne wanaorefuka kila msimu wa baridi ananielewa. Ila kabla ya kusaini uliza kama jiji limetengeneza barabara ya mtaa ule, maana gharama hiyo hugawiwa wenye nyumba, na deni lililobaki linaweza kukuangukia wewe.

Ya pili naipa Georgia, kwa sababu ya kifungu kimoja ambacho natamani kila jimbo lingekinakili. Ukinunua nyumba kwa biashara halali ya sokoni, bei uliyolipa ndiyo thamani ya juu kabisa ambayo kaunti inaweza kukuwekea mwaka unaofuata. Umenunua kwa 310,000 halafu barua inasema 345,000? Peleka hati ya kufunga mauzo, umeshinda. Kodi ya mapato ni kiwango kimoja, asilimia 5.19 kwa mwaka 2025, na imekuwa ikishuka. Mtego wa Georgia ni wazee. Katika Kaunti ya Cobb, mwenye nyumba akifika miaka 62 anaweza kusamehewa kodi ya shule, ambayo ndiyo sehemu nene ya bili. Nyumba ya mzee wa Marietta itaonekana kama zawadi kwenye tangazo. Wewe una miaka 38 na watoto wawili shuleni, shule utailipia yote. Na fomu ya homstedi, ile ya kutangaza kwamba unaishi mwenyewe ndani ya nyumba, iwe imefika kabla ya tarehe 1 Aprili.

Washington ya tatu. Mshahara wa kawaida hautozwi kodi ya jimbo, thamani hupigwa kila mwaka, na makusanyo ya kawaida ya kodi ya majengo hayaruhusiwi kukua kwa zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila kura ya wananchi, ukiacha majengo mapya. Kodi ya mauzo Seattle inapita asilimia 10, na bei za nyumba zenyewe ni kilio kingine.

Ohio inapendwa sana na watu wa Columbus na sababu ninaziona, lakini wanaoisifu husahau mambo mawili. Kwanza, jiji lenyewe lina kodi yake ya mapato, asilimia 2.5, juu ya ile ya jimbo. Pili, nyumba mpya nyingi za mjini zilipewa msamaha wa kodi ya majengo wa miaka 15. Katika kipindi hicho hulipiwa ardhi tu. Msamaha unahesabiwa kwa nyumba, siyo kwa mwenye nyumba. Ukinunua ukiwa umebaki mwaka mmoja, umenunua bili ya muuzaji kwa miezi kumi na miwili. Uliza mwaka msamaha unapokwisha, na jibu liwe kwenye maandishi.

Michigan sasa. Tangu mageuzi ya 1994, thamani inayotozwa kodi haipandi kwa zaidi ya mfumuko wa bei au asilimia 5, ile iliyo ndogo, alimradi mwenye nyumba ni yule yule. Ikiuzwa, mwaka unaofuata kifuniko hufunguliwa na thamani inaruka hadi nusu ya bei ya soko. Chukua nyumba ya dola 200,000 Detroit. Mwenyewe wa zamani anaweza kuwa anatozwa kwa thamani ya 30,000. Kwa kiwango cha dola 67 kwa kila elfu, analipa 2,010. Wewe utatozwa kwa 100,000, yaani 6,700. Nyumba ile ile na paa lile lile! Na mkazi wa Detroit anakatwa asilimia 2.4 ya kipato kwa ajili ya jiji. California na Florida zina mchezo wa aina hiyo hiyo, ila California angalau ikishakuumiza siku ya kwanza inakuacha: thamani haipandi kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, tangu kura ya 1978. Wekea akiba bili ya nyongeza baada ya kununua, kwa kawaida hutumwa kwako moja kwa moja na siyo benki.

Mkiani nimeiweka Texas, na najua nitatukanwa.

Hakuna kodi ya mapato, ndiyo, kila mwenye chaneli ya kuhamasisha watu wahamie Dallas ameshatuambia. Basi tupige hesabu. Nyumba mpya ya dola 350,000 katika mtaa wenye wilaya ya maji, ambayo hukopa kujenga mabomba na kuwadai wenye nyumba kupitia kodi. Tuseme viwango vyote kwa pamoja ni asilimia 2.8. Uthamini ni wa tarehe 1 Januari. Siku hiyo palikuwa na msingi na rundo la mbao, kwa hiyo kiwanja kikatozwa kwa 50,000: dola 1,400. Mkopeshaji aliyeletwa na mjenzi anatumia namba hiyo kukukadiria malipo ya mwezi, na unafaulu. Mwaka unaofuata nyumba imesimama. Hata ukiondoa nafuu ya homstedi, ambayo wapiga kura waliipandisha Novemba 2025 hadi 140,000 kwenye kodi ya shule tu (tuseme 1.1 kati ya ile asilimia 2.8), bili inakaribia 8,260. Pengo ni 6,860. Benki inakudai karibu 570 kwa mwezi kuziba pengo lililopita, na nyingine 570 kwa ajili ya mwaka unaokuja. Ndiyo hiyo elfu moja na ushei. Kile kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka cha kupanda kwa thamani inayotozwa, mnachosimuliwa, hakimsaidii mtu ambaye nyumba yake imeongezwa kwenye vitabu kwa mara ya kwanza.

Kwa waliokwisha kuingia: ombeni benki itandaze deni kwa muda mrefu zaidi ya miezi 12, baadhi hukubali. Pingeni uthamini kabla ya tarehe 15 Mei.

Mnaotaka rahisi tupu, Alabama na West Virginia zipo, kodi ni ndogo kweli, ila angalieni kwanza mshahara wa fani yenu huko. Delaware haina kodi ya mauzo. Kaunti ya Sussex ilitumia bei za 1974 hadi juzijuzi mahakama ilipolazimisha uthamini mpya, kwa hiyo bili za zamani za huko hazifai kitu.

Popote pale, fungua tovuti ya mthamini wa kaunti, andika anwani ya nyumba, tazama safu mbili: thamani ya soko na thamani inayotozwa. Zikiachana sana, chukua bei utakayolipa, au ile sehemu yake tu inayotozwa katika jimbo hilo kama nusu ya Michigan, zidisha kwa kiwango, hayo ndiyo makadirio ya kodi yako kabla ya nafuu. Na zile barua zenye nembo kama ya serikali, zinazokutaka dola kadhaa ili "wakusajilie" homstedi baada tu ya kununua, zichane. Fomu ni bure kaunti.