Tour de France runingani au Tour du Rwanda barabarani?

Sisi wapenda baiskeli wa Mwanza tuna njia mbili. Julai kuna Tour de France: hatua 21, wiki tatu, umekaa zako Kirumba na soda, na mwaka ambao mbio zinapanda mlima wa Alpe d'Huez, kamera inakupandisha kona zote 21. Umeme ukikatika, basi tena.

Februari kuna Tour du Rwanda. Ni wiki moja tu na nauli inauma, ingawa daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Lakini simama pale Mur de Kigali, kwenye kile kipando cha mawe: unasikia mtu anavyohema, cheni inalia, jasho linadondokea usukani. Dakika chache wamepita wote. Mimi ni wa mawe, na nauli naanza kuweka Desemba.