Kugundua figo zilizoumia: kreatinini ya damu au vimeng'enya vya mkojo?

Kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, ndiyo iliyozoeleka, ila huchelewa. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja kabla haijapanda waziwazi, na mgonjwa aliyekonda misuli huonekana mzima kwenye karatasi ya majibu kumbe hali ni mbaya.

NAG, kimojawapo cha vimeng'enya vya mkojo, ni habari nyingine. Kimeng'enya hiki hukaa ndani ya seli za mirija midogo ya figo, na molekuli yake ni kubwa mno kupenya kwenye chujio. Kikizidi kwenye mkojo, basi hakikutoka kwenye damu. Kimevuja kutoka seli zilizoumia. Ndiyo maana mara nyingi huitangulia kreatinini.

Kasoro yake ni umbea: hupiga kelele kwa kila jambo. Kwa aliyepandikizwa figo, NAG hupanda mwili unapoikataa figo hiyo, lakini pia hupanda kwa sumu ya siklosporini, dawa ileile ya kuzuia ukataaji! Tena maabara hugawanya jibu kwa kreatinini ya mkojo, maana aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi.

Mimi ningepima vyote viwili, NAG kwa mfululizo. Kuthibitisha ukataaji bado ni kazi ya sindano ya biopsi, inayochukua kipande kidogo cha figo kichunguzwe.